Mtoi Akiruka Usingizini Si Majini, Ni Ekzosi: Venye Kelele za Eastlands Zinawakosesha Watoto Usingizi

Hebu fikiria hii form. Ni saa tano usiku, Pipeline. Mtoi wa wiki sita amenyonya, amecheua, amelala. Mathe anamteremsha kwa kitanda polepole kama msee amebeba trei ya mayai. Ile tu mgongo wa mtoi unagusa godoro, boda inapita chini ya ploti na ekzosi imetobolewa. Pwaa! Pwaa! Mikono ya mtoi inaruka kando, vidole vinafunguka, halafu anajikunja kama anashika hewa. Kilio kinaanza. Mlango wa pili, mtoto mwingine anajibu. Dakika mbili baadaye gorofa nzima iko macho, na huyo wa boda saa hii ako Taj Mall bila habari.

Kama unaishi Eastlands, kuanzia Buru mpaka Dandora, Kayole mpaka Huruma, hii story hauhitaji kusimuliwa. Lakini iko na maswali mawili yenye hatuulizangi. La kwanza: huyo mtoi ako sawa? La pili: kama mtoi ako sawa, basi ni nani hayuko sawa?

Kwanza tulia, hiyo kuruka ni kawaida

Hiyo kitu mtoi anafanya iko na jina. Mwaka wa 1918 daktari wa watoto anaitwa Ernst Moro aliieleza, na mpaka leo madaktari huiita Moro. Mtoto akiskia mlio wa ghafla, ama akihisi kichwa kimeachiliwa kidogo, mwili unajibu wenyewe. Mikono inafunguka, inarudi kifuani, analia. Hajafikiria kitu. Ni waya tu za neva zinafanya kazi kabla ubongo uamke vizuri.

Mtoto wa kawaida huzaliwa nayo. Huanza kupungua akifika miezi mitatu ama minne, na ikifika miezi sita inafaa iwe imeisha. Daktari akimwangalia mtoto mchanga huitafuta makusudi, juu ikikosa kabisa ndiyo kuna shida. Kwa hivyo mtoto wako akiruka blenda ikiwashwa ama mlango ukigongwa, hiyo ni ripoti nzuri: maskio yanaskia na neva ziko kazini.

Sasa hapa ndio nyanya anaingia. Atakuambia mtoto ameona kitu. Jirani atasema ni jicho la mtu, funga uzi mwekundu. Na ukiwa na watu wa Pwani kwa ploti utaskia neno dege. Watu wa zamani huko waliamini kuna ndege wa kiroho akipita juu ya nyumba usiku, mtoto anashtuka, anakakamaa, anageuza macho. Ndio maana mpaka leo Kiswahili chetu kinaita hiyo kukakamaa degedege.

Usiwacheke. Waliona kitu cha ukweli, shida ni walichanganya vitu viwili. Kushtuka ni sekunde moja ama mbili, kuna mlio ulianza, na ukimbeba mtoto anatulia. Degedege inaendelea hata ukimshika, na mara nyingi mtoto ako na homa, ya malaria ama ugonjwa mwingine. Moja unabembeleza. Nyingine unakimbia nayo hosi.

Wakati wa kutoka mbio

Soma hizi mara mbili, juu hapa hakuna jokes.

Kama mtoto anarukaruka kwa mfululizo, tano, kumi, moja baada ya ingine, na hakuna mlio wowote, hasa akitoka kuamka, mchukue video na simu umpeleke hosi siku hiyo hiyo. Kuna aina ya kifafa ya watoto wachanga inafanana sana na Moro. Hiyo video itamsaidia daktari kuliko maelezo yote utatoa.

Kama mkono mmoja unaruka na mwingine umelala tu, mwambie daktari. Inaweza kuwa mfupa wa bega ama neva iliumia wakati wa kuzaliwa.

Kama mtoto wa siku chache alikuwa ananyonya poa halafu ameacha, na sasa ukimgusa ama mlango ukigongwa anakakamaa mwili mzima, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Usingoje asubuhi. Hii ndio sababu mathe akiwa na mimba hudungwa ile sindano kliniki, na ndio sababu kitovu hakipakwi mavumbi wala majivu.

Na kama ameshamaliza miezi sita bado anaruka vile vile kama wa wiki mbili, apimwe.

Halafu kuna yule mtoto wenye watu husifu. "Huyu wangu ni mpole, hata nganya ipige honi hashtuki." Buda, hiyo si lazima iwe upole. Mtoto mchanga asiposhtuka kwa mlio mkubwa hata siku moja, apimwe maskio. Akiwa alikuwa na macho ya manjano sana akizaliwa, ama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, usingoje hata kidogo.

"Si nyinyi mlilala hapa mkakua?"

Ukilalamika kuhusu kelele mtaani, kuna mzee lazima atakuambia hivi. Ati watoto wa Kaloleni, Jericho na Maringo walilala na redio ya jirani na hawakufa. Iko na ukweli kidogo. Mtoto mchanga anaweza kuzoea. Ukimpigia kengele moja mara kumi akiwa amelala, mara ya kwanza ataruka, mara ya kumi pengine atavuta pumzi tu. Madaktari hata hupima hiyo kuzoea kama alama ya ubongo ulio sawa.

Lakini angalia kile anazoea: mlio wenye unarudi vile vile. Barabara inayonguruma usiku kucha, feni, mvua kwa mabati. Mlio wenye haujulikani utakuja saa ngapi ni story ingine. Honi ya nganya yenye inaimba wimbo mzima. Ekzosi ya boda. Spika ya keshia yenye inanyamaza dakika tatu halafu inalipuka na "Haleluya!" Hakuna mtu anazoea kushtukizwa. Hata watu wazima wenye huapa wamezoea, wakipimwa wakiwa wamelala, moyo bado hubadilisha mwendo gari kubwa likipita.

Pia mtaa si ule. Buruburu ilijengwa miaka ya 1970, nyumba za chini, kila mtu na kakiwanja. Mlio ulikuwa na mahali pa kupotelea. Saa hii nenda Pipeline, ama hata Umoja kwenye nyumba za chini ziligeuzwa magorofa. Ukuta kwa ukuta, dirisha linaangalia dirisha, unaweza kumpitishia jirani chumvi. Mlio ukiingia kwa hako kanjia hauna pa kwenda. Unagonga ukuta huu, unarudi ule, unapanda mpaka gorofa ya saba. Huyo mzee analinganisha vitu viwili tofauti.

Sheria iko, na iko na namba

Watu wengi hudhani kelele ni tabia mbaya tu, ati ukikerwa vumilia. Hapana. Kenya iko na kanuni za kelele tangu 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na NEMA ndio wenye kazi. Kwa eneo la makazi, nje ya nyumba, mchana ni desibeli 50. Usiku ni 35. Na usiku wa NEMA hauanzi saa sita, unaanza saa mbili na dakika moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Ujue hizo namba ni nini: mnong'ono ni kama 30, watu wakiongea kawaida ni kama 60. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ukiongeza 10, nguvu ya mlio imezidi mara kumi. Kwa hivyo klabu yenye inakutumia 85 kwa dirisha saa nne usiku imezidisha nguvu inayokubaliwa mara 100,000. Si kosa la kuandika, ni mara laki moja.

Sasa jiulize: ni mtaa gani wa Eastlands uko chini ya 35 saa mbili na dakika moja jioni? Hakuna. Saa mbili ndio mama mboga anauza, mat zinashusha watu, watoto wanacheza kwa ngazi. Ukitaka kufuata hiyo kanuni neno kwa neno, utashika mtaa wote, na fundi wa kuchomelea na kwaya pia.

Na hapa ndio shida yenyewe iko. Sheria yenye kila mtu anavunja inakuwa sheria ya kuchagua. Afisa ataamua leo ni zamu ya nani, na wewe unajua hiyo zamu hupangwa aje. Klabu yenye inajua kuongea vizuri inaendelea. Yule wa kuuza viatu na kipaza sauti anabebwa.

Hesabu yenye inamwacha mtoi nje

Kuna kitu kingine kwa hizo kanuni, na sioni watu wakikizungumzia. Hiyo 35 ya usiku ni wastani. Wanachukua saa 10 zote, wanasambaza kelele yote sawasawa, ndio wanapata namba moja.

Piga hesabu na mimi. Mlio mmoja wa boda ufike kwa dirisha na desibeli 85, udumu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukiusambaza kwa saa 10, unabaki kama 29. Hiyo iko chini ya 35! Kwa karatasi usiku ulikuwa kimya. Lakini mtoi alishaamka saa tano na nusu, mathe akakaa naye mpaka saa saba, na saa kumi na moja anafaa kuwa stage akienda job.

Mtoto hashtuliwi na wastani. Anashtuliwa na kilele. Shirika la Afya Duniani lilishaliona hili. Kwa mwongozo wake wa 1999 liliweka namba mbili kwa chumba cha kulala: wastani wa 30 usiku, na mlio mmoja mmoja usizidi 45. Namba zetu za makazi za 2009 ni za wastani. Kwa hivyo hata siku NEMA ikija na mashine na isile kitu, mtoi wa Pipeline bado anaweza kushindwa kesi.

Doh iko upande gani

Sasa usianze kunirushia mawe. Nganya ni sanaa. Hiyo rangi, hizo taa, hiyo miziki, zimeandika vijana wengi wa hii mtaa job kuliko ofisi nyingi za serikali. Dere, makanga, msee wa kuchora, msee wa kufunga spika, wote wanakula hapo. Klabu inaandika DJ, baunsa, wa nyama choma nje. Hata hiyo sauti ya kurekodiwa inayopita na mkokoteni ikiuza mayai ni mtu anatafuta rent.

Novemba 2022, Gavana Sakaja alifuta leseni za klabu zilizo katikati ya makazi. Wenye klabu wakalia biashara, wakaaji wakashangilia. Lakini kama uko Eastlands, skiza dirisha lako Ijumaa hii uniambie kama ulilala. Amri ya kufunga kila kitu haidumu juu inagombana na tumbo za watu.

Kile kingedumu ni kidogo na rahisi kuona. Ekzosi iliyotobolewa haimlishi mtu yeyote. Hakuna abiria amewahi kulipa soo zaidi juu boda inalia kama bunduki. Honi ya muziki saa sita usiku haijazi gari. Spika ya klabu ikigeuzwa iangalie ndani, na mlango ukifungwa, bia inauzika vile vile. Kanisa la mabati linaweza kuomba usiku mzima bila spika nne nje, na Mungu bado ataskia. Anza na hizo milio za ghafla. Hazihitaji mashine ya kupima, zinahitaji macho, maskio na afisa asiye na mkono mrefu.

Juu hii si mambo ya usingizi tu. Miaka ya 1970 huko New York walipima watoto wa shule moja iliyo karibu na reli ya juu. Wa madarasa yaliyoangalia reli walikuwa nyuma kwa kusoma wakilinganishwa na wa upande uliotulia, shule ile ile. Kelele ilipopunguzwa, hiyo tofauti ikaisha. Kelele ilikuwa inakula masomo, na hakuna mtu alikuwa ameandika kwa ripoti ya shule.

Milio yenye si ya starehe

Kuna kelele ingine Eastlands haihusiani na raha. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, karibu saa tano na nusu, gesi ililipuka Mradi, Embakasi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakaumia, na familia zikakimbia gizani na watoto wakiwa wamefungwa kwa shuka. Baadaye EPRA ikasema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo, mara tatu 2023. Ni pattern ile ile ya klabu: karatasi inasema hapana, mtaa unaona ndiyo.

Na kuna teargas. Julai 2023 iliingia shule ya msingi ya Kihumbuini, Kangemi, na wanafunzi zaidi ya 50 wakapelekwa hospitali. Agosti 2017, Mathare North, msichana mdogo anaitwa Stephanie Moraa aliuawa na risasi akiwa kwa roshani ya ploti yao. Juni 2024 wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, mathe wengi wa mtaa walijifunza kutofautisha mlio wa kopo la gesi na wa risasi. Hiyo si elimu mtu anafaa kuwa nayo.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinakubali kuandamana kwa amani. Cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza kwa kila jambo linalomhusu. Vyote viko kitabu kimoja. Karao mwenye anarusha kopo katikati ya magorofa amesahau kurasa mbili kwa mpigo.

Kenye unaweza fanya leo kejani

Gavana hatakuja usiku wa leo, kwa hivyo anza na hizi.

Mfunge mtoi na leso, mikono iwe karibu na mwili, lakini miguu iwe na nafasi ya kukunja. Mlaze chali kila mara. Akianza kujaribu kugeuka, acha kumfunga.

Unapomteremsha, anza na miguu na makalio, kichwa kiwe cha mwisho, halafu weka mkono wako kifuani pake kidogo. Akishtuka, usimtingishe. Mshike, muongeleshe kwa sauti ya chini. Na ukihisi umechoka mpaka hasira inapanda, mweke chali mahali salama, toka mlangoni dakika tano upumue. Kumtingisha mtoto mchanga kunaweza kumvuja damu kwa ubongo.

Sogeza kitanda mbali na dirisha na ukuta wa barabara. Hata hatua mbili zinasaidia.

Ukiweka sauti ya mvua kwa simu, iwe chini na simu iwe mbali na kichwa chake, upande ule mwingine wa chumba. Mwaka wa 2014 watafiti walipima mashine 14 za kulaza watoto, na tatu kati yao, zikiwa karibu, zilipita desibeli 85. Usitibu kelele na kelele kubwa.

Usimtie pamba kwa maskio. Na dawa ya mafua yenye inaletea usingizi si dawa ya kulaza mtoto, hata kama mama wa kuangalia watoi anasema wote wanapewa. Muulize leo, usione haya.

Ya mwisho ni ya maisha. Usizibe kila ufa wa nyumba juu ya kelele kama jiko la makaa liko ndani. Hiyo hewa ya makaa haina harufu wala haimshtui mtu. Inaua kimya.

Teargas ikirushwa, mtoe mtoi huko moshi uko, mbadilishe nguo, muoshe na maji mengi. Akipumua kwa shida, hosi.

Halafu muungane

Mtu mmoja akilalamika anaitwa mbaya wa jirani. Ploti nzima ikilalamika inaitwa wakaaji. Andikeni tarehe, saa na mlio ulitoka wapi, wiki mbili mfululizo, kila mtu asaini. Pelekeni kwa chifu, kaunti na NEMA, na mbaki na kopi iliyopigwa muhuri. Kifungu cha 42 kinawapa haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 70 kinawaruhusu kwenda korti kuitetea, na hamhitaji kuonyesha kuna mtu ameumia.

Na kabla ya chifu, ongeeni na wenye hizo boda kwa stage. Wengi wao pia wako na watoi kejani, na usiku ekzosi ya mwenzao inawaamsha kama wako.

Mtoi akiruka, mwili wake unafanya kile uliumbiwa kufanya: unauliza kama kuna hatari. Kwa miezi michache ya kwanza hilo ndilo swali anajua kuuliza. Mtaa ndio unafaa kuwa na jibu.